Kiti cha Katikati

Viti vya bendi kubwa ya jazi vina desturi yake. Mstari wa mbele ni wa wapuliza saksofoni, kwa kawaida watano. Mstari wa nyuma, ulioinuliwa kidogo, ni wa wapuliza tarumbeta, mara nyingi wanne. Kati ya mistari hiyo miwili hukaa wapuliza tromboni, watatu au wanne, na ubavuni mwa wote ndiko ziliko piano, gitaa, besi na dramu. Mtazamaji huwaona kwanza walio mbele na huwasikia kwanza walio nyuma, maana tarumbeta haina siri. Mpuliza tromboni haonekani sana, na ni nadra kuimbwa sifa. Lakini yeye ndiye aliyepewa mahali pazuri kuliko wote pa kusikilizia: tarumbeta zinampita juu ya kichwa, saksofoni ziko mbele ya magoti yake, mdundo unamjia kutoka pembeni. Mwenye masikio akikaa hapo miaka kadhaa, huijua bendi kwa ndani, namna ambayo nyota wa mbele huenda asiijue maisha yake yote.

Melba Liston alikaa hapo. Alizaliwa mwaka 1926 huko Kansas City, jimbo la Missouri, akahamia Los Angeles akiwa bado mtoto, na alipokuwa msichana tu akaanza kupuliza tromboni pamoja na watu wazima. Alipitia bendi ya Gerald Wilson, ya Count Basie, ya Dizzy Gillespie, na baadaye ya Quincy Jones. Zama hizo mwanamke katika bendi ya jazi alitarajiwa awe mwimbaji, asimame mbele na gauni lake, aimbe nyimbo zake tatu kisha akae. Mwanamke mwenye tromboni mapajani alikuwa mgeni aliyetakiwa kujieleza. Gillespie alipomwita mwaka 1956 katika bendi aliyokuwa akiiunda kwa ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani, baadhi ya wanaume walinung'unika: kwa nini huyu? Liston mwenyewe alisimulia baadaye kwamba manung'uniko yalikatika walipofungua karatasi alizowaandikia na kuanza kuzipiga. Hakuwatolea hotuba. Nota zilimsemea.

Karatasi hizo ndizo ninazotaka kuzisifu hapa. Zina kazi ambayo msikilizaji wa kawaida hajui kama ipo: kazi ya mpangaji wa muziki. Tumezoea kuuliza wimbo umetungwa na nani na umeimbwa na nani. Baina ya maswali hayo mawili, pale muziki unapopigwa na watu kumi na saba, kuna mtu wa tatu aliyekesha.

Tuangalie anakesha kwa lipi. Mtunzi anaweza kuja na sauti moja aliyoipata kwenye piano, dakika moja na nusu ya muziki, pamoja na mlolongo wa makodi, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, chini yake. Hiyo ni tungo, na ikiwa nzuri itadumu. Lakini bado haina mwili. Nani aanze? Sauti kuu ibebwe na saksofoni ya alto peke yake, au ibebwe na tarumbeta mbili huku tromboni zikijibu? Waliobaki wafanye nini wakati huo? Wimbo ukirudiwa mara ya pili, ni kitu gani kibadilike ili msikilizaji asione kwamba amerudishwa alikotoka? Kilele kiwe wapi, na kabla ya kilele bendi ishuke kiasi gani ili kupanda kwake kuonekane? Mpangaji hujibu maswali hayo yote kabla mtu hajavuta pumzi, na hujibu kwa maandishi, karatasi moja kwa kila chombo.

Ndani ya majibu hayo kuna hesabu za kila aina. Tarumbeta ikisoma nota ya C, sauti inayotoka ni hatua nzima chini ya C ya piano. Saksofoni ya alto ikisoma nota hiyohiyo hutoka chini zaidi. Kwa hiyo mpangaji huandika lugha kadhaa kwa wakati mmoja, ili zote zikitamkwa pamoja ziwe neno moja. Kisha kuna miili ya watu. Piano haina mapafu, na anayetungia kwenye piano husahau kirahisi kwamba mpulizaji lazima apumue. Midomo ya mpuliza tarumbeta huchoka: ukimweka juu kabisa ya uwezo wake kwa muda mrefu, sauti itakayotoka pale unapoihitaji kuliko popote itakuwa imekwisha nguvu. Tromboni haina vitufe. Ina bomba la kusukuma na kuvuta, na vituo saba vya kulisimamisha. Nota mbili ambazo kwenye piano zimepakana zinaweza kumlazimisha mpulizaji anyooshe mkono wote hadi mwisho, kisha aurudishe kifuani, kwa kufumba na kufumbua. Asiyewahi kushika chombo hicho ataandika mstari mzuri kwa macho ambao mkono hauwezi kuufuata. Liston alikuwa amekishika tangu utotoni.

Halafu kuna jambo la kupanga sauti zenyewe, na hapo ndipo ufundi unapogeuka kuwa sanaa. Kodi ya nota nne ni nota nne tu kitabuni. Zikibananishwa juu, zinang'aa. Zikiachanishwa, kila moja ikapewa chombo chenye rangi yake, zinapata upana kama kwamba chumba kimeongezwa ukubwa. Zikibananishwa chini, zinazama na kuwa mngurumo usioeleweka. Aliyewahi kuimba kwaya anajua siri hii kwa sehemu: sauti ya pili na ya tatu hazivutii zikiimbwa peke yake, lakini ziondoe, na ile ya kwanza itabaki mifupa mitupu. Mpangaji mzuri huwafikiria hao wa sauti ya tatu. Humwandikia mpuliza tromboni wa pili mstari ambao, hata akiupiga peke yake mazoezini, unakwenda mahali, una mwanzo na mwisho. Mtu akipewa mstari wenye akili huupiga kwa akili. Akipewa nota za kujazia nafasi, hujazia nafasi.

Kazi ya Liston iliyo karibu zaidi nasi kwa jina na kwa sauti ilirekodiwa New York mwezi Novemba 1960. Inaitwa "Uhuru Afrika". Mtunzi wake ni Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1926. Baba yake Weston alikuwa mfuasi wa fikra za Marcus Garvey na alimlea mwanawe akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Mwaka 1960 nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru, na Weston alitaka kuusherehekea mwaka huo kwa kazi ndefu ya bendi kubwa, yenye sehemu nne na utangulizi. Maneno aliyaomba kwa mshairi Langston Hughes, akayapata. Mpangilio wa bendi alimwachia Liston, ambaye alikwisha kufanya naye kazi mwaka 1958 katika albamu ya "Little Niles".

Kiswahili kiliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa siasa. Tanganyika ilikuwa bado haijajitawala. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na kwa sababu hiyo madai yake yalikuwa yakifikishwa New York. Huko ndiko Weston alikompata Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, ambaye sauti yake inasikika mwanzoni mwa kazi hiyo akisoma kwa Kiswahili shairi la Hughes la kudai uhuru, huku mwimbaji Brock Peters akilisoma kwa Kiingereza. Utangulizi na sehemu ya kwanza vinaitwa "Uhuru Kwanza". Sehemu ya pili, "African Lady", ni ya kumsifu mwanamke wa Afrika, nayo inaimbwa na Martha Flowers pamoja na Peters. Ya tatu ni "Bantu". Ya nne ni "Kucheza Blues", ambayo Weston aliiwazia kama karamu ya siku ile Afrika nzima itakapokuwa huru na watu weusi wa kila pembe watakapocheza pamoja. Wakati Sanga akisoma shairi lile kwa Kiswahili mbele ya kipaza sauti, uhuru wa nchi yake ulikuwa bado mwaka mmoja na zaidi mbele.

Sasa mtazame mpangaji amewekewa nini mezani. Wapigaji ni zaidi ya ishirini. Tarumbeta ni nne, mojawapo mikononi mwa Clark Terry, nyingine mikononi mwa kijana Freddie Hubbard. Kuna tromboni tatu na pembe ya Kifaransa. Kuna wapuliza saksofoni ambao baadhi yao, kama Yusef Lateef, wanaweza kushika filimbi dakika yoyote. Kuna besi mbili, ya George Duvivier na ya Ron Carter. Na kuna ngoma: wapiga dramu watatu, Max Roach akiwa mmojawao, na pamoja nao Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba. Watu sita wa kupiga ngoma, na kila mmoja angetosha kuibeba bendi peke yake. Hawa si watu wa kufundishwa mapigo. Ni watu ambao, wasipopangwa, watapiga wote kwa ustadi mkubwa na hakuna atakayesikika.

Hapa ndipo ninapoona undani wa ufundi huu. Kazi imeitwa Uhuru. Ndani yake kuna wapigaji ambao sifa yao ni kubuni papo kwa hapo, kila mmoja asimame aseme lake. Jazi inapendwa kwa sababu hiyo, na ni rahisi kuamini kwamba uhuru wa mpigaji ni jambo analolileta mwenyewe, kwamba huzuka kwake na kumwagika. Lakini angalia karatasi. Mahali ambapo mpiga solo anaachiwa nafasi, karatasi yake huwa na mistari mitupu na majina ya makodi juu yake tu. Karatasi za wenzake mahali hapohapo huwa zimeandikwa. Huyu anyamaze hatua nane. Hawa waingie kwenye hatua ya tisa kwa sauti ya chini, nota mbili ndefu, wamwinue. Wale wasubiri mpaka atakapokaribia kumaliza, kisha wamkatize kwa mpigo mmoja, apate kitu cha kujibu. Solo inayoonekana kuwa huru kabisa imejengewa sakafu na paa na mtu ambaye hapigi wakati huo. Uhuru wa mmoja umeandikwa katika kimya cha kumi na tano.

Siandiki hivi kwa kutaka kupunguza sifa ya wapiga solo. Mistari mitupu haijijazi. Ninachosema ni kwamba nafasi si kitu kinachobaki baada ya vingine kupangwa. Nafasi nayo hupangwa. Mpangaji asiyejiamini huandika nota nyingi, kwa kuwa kila nota ni ushahidi kwamba alifanya kazi. Hujaza kila upenyo, huwapa wote cha kupiga wakati wote, na mwisho bendi ya watu ishirini husikika kama mtu mmoja anayepiga kelele. Ujasiri wa kazi hii upo katika kuwa na tarumbeta nne zilizo tayari, ukazitazama, na ukaziambia zingoje. Kuwa na ngoma sita na kujua ni ipi ianze, ni ipi iitikie, na ni wakati gani wapulizaji wote wakae pembeni ili ngoma zenyewe ziseme. Anayeandika hivyo hatapata ushahidi wa kazi yake isipokuwa katika jambo moja: wengine wote watasikika kuwa wao wenyewe.

Wenye mamlaka nao walisikia. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku "Uhuru Afrika". Kazi ambayo sehemu yake kubwa haina hata neno moja ilionekana kuwa ya hatari. Jina na shairi vilichangia, bila shaka. Lakini mtu akiisikiliza akiwa na swali hilo kichwani ataelewa kwamba sauti yenyewe ilikuwa hoja: Mnigeria, Wacuba, Wamarekani weusi na Mtanganyika, kila mmoja kwa lafudhi yake, katika mpango mmoja usiomwomba yeyote aiache lafudhi hiyo mlangoni. Siasa ya ubaguzi ilisimama juu ya madai kwamba jambo kama hilo haliwezekani.

Ufundi huu si mgeni kwetu, ingawa kwetu ulivaa nguo nyingine. Bendi zetu za dansi zilijiita "jazz" tangu zamani, na nyingi zilikuwa na safu yao ya tarumbeta na saksofoni. Tofauti ni kwamba mara nyingi hazikutegemea karatasi. Mtunzi alikuja mazoezini na maneno na sauti ya kuimba. Magitaa yakatafuta njia zao, moja likibeba mdundo, jingine likicheza juu yake; wapulizaji wakajaribu vipande vyao, vingine vikatupwa, vingine vikashika. Mtu wa haraka ataona hapo hakuna mpangaji, kila mmoja amejipangia. Lakini ndani ya mazoezi hayo kulikuwa na mtu ambaye wenzake walimtazama kabla ya kuamua kwamba kipande kimekubalika. Katika Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, kazi hiyo iliangukia zaidi kwa Michael Enock, aliyeitwa "King", ambaye kabla ya hapo alikuwa ameiongoza Dar es Salaam Jazz Band. Alipitia gitaa na saksofoni, hivyo alikuwa na habari za vidole na za pumzi pia. Karatasi yake ilikuwa kumbukumbu za wenzake.

Sikiliza wimbo wa bendi hiyo wa miaka ile ya mwanzo utaona ni mkono gani uliopita hapo. Wapulizaji hawamwingilii mwimbaji. Wanaingia anapomaliza ubeti, wanasema jambo fupi, wanaondoka. Wimbo unapofika kwenye sehemu ya kuchezwa, ile ambayo maneno yamekwisha na miguu imechukua hatamu, safu hiyohiyo ya tarumbeta inarudi na kazi nyingine kabisa, sasa inasukuma. Mtu alilipima hilo. Mtu alijua kwamba tarumbeta zikizungumza sana mwanzoni hazitakuwa na jipya la kusema mwishoni, na msichana aliyekuja kucheza atarudi kwenye kiti chake mapema.

Kuna faida na hasara katika njia hizi mbili. Mpangilio uliomo vichwani mwa watu hubadilika nao; hukua, hukosolewa jukwaani usiku baada ya usiku, na huwafaa barabara watu walioutengeneza. Lakini watu hao wakihama, kama wanamuziki wetu walivyokuwa wakihama kutoka bendi moja kwenda nyingine, huondoka nao. Anayetaka kuupiga wimbo huo leo hana budi aukalie mbele ya redio, aunyofoe kipande kwa kipande kwa sikio. Mpangilio ulioandikwa husafiri bila mwenyewe. Karatasi za Liston zimehifadhiwa Chicago, na bendi ya vijana ambao hawakuwahi kumwona inaweza kuzipanga vibaoni na kuanza. Zimebeba akili yake, ila haziwezi kubeba watu aliowaandikia, na hapo kila bendi mpya ina kazi ya kufanya.

Yeye mwenyewe aliijaribu nguvu ya maandishi kwa namna ngumu. Miaka ya 1970 alikwenda Jamaika kufundisha muziki, akarudi Marekani, akaendelea. Mwaka 1985 alipatwa na kiharusi kilichompoozesha upande mmoja wa mwili. Tromboni ikawa imekwisha. Kiti cha katikati hakikuwa tena chake. Lakini alijifunza kuandika nota kwa kompyuta, na akarudi kumpangia Weston muziki: albamu ya "The Spirits of Our Ancestors" ilirekodiwa mwaka 1991, na "Volcano Blues" ikafuata mwaka 1993. Alifariki mwaka 1999. Mtu ambaye alikwisha kuisikia bendi kutoka ndani kwa miaka mingi aliendelea kuisikia akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na wapulizaji waliosoma karatasi zake walikuta humo nafasi ya kupumua na nafasi ya kusema, zimewekwa pale zinapotakiwa.

Albamu ya 1960 ina jina la Weston mbele, na ni haki yake. Tungo ni zake, na yeye mwenyewe hakuchoka kumtaja Liston kila alipohojiwa. Wapo wengi ambao hawakubahatika kuwa na mtunzi mwenye shukrani kama huyo. Kwetu hali ni nzito zaidi kwa sababu hakuna karatasi ya kumtaja aliyefanya kazi. Tunajua majina ya waimbaji wa bendi zetu, tunajua watunzi wengi, na mashabiki wa kweli wanawajua wapiga gitaa la solo. Baadhi ya waliokaa kwenye mazoezi yale wapo bado, na kumbukumbu zao ni nzuri. Mwandishi au mtangazaji atakayewatembelea asiishie kuwauliza nani alitunga na nani aliimba, maana hayo wameulizwa miaka yote. Awawekee wimbo wenyewe, ausimamishe pale tarumbeta zinapoingia, kisha awaulize ni nani aliyesema zisubiri mpaka hapo.